Bi. Kezia wa Foleni ya Kamabuye

Leo Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, Bi. Kezia Ndayikeza anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na kuhitimisha miaka thelathini na mitatu na miezi saba ya utumishi. Kwenye barua zake zote ameandikwa Msaidizi wa Misitu. Kwa muda wote huo hatujamwona huyo aliyekuwa akisaidiwa. Tulichoona ni yeye mwenyewe, koleo lake, na ndoo yake ya bluu ya lita ishirini, ile yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bw. Sylvesta, alitafuta mtu wa kuandika wasifu huu akakosa. Wenye maneno mengi walisema hawana muda, na wenye muda walisema hawana maneno. Ndipo akanigeukia mimi, Nadine Harerimana, katibu wa kamati ya chemchemi, kidato cha nne. Nilitaka kukataa. Nimesoma kwa lugha mbili, Kiswahili shule ya msingi na Kiingereza sekondari, na nyumbani tunaongea Kirundi, lakini nikisimamishwa mbele za watu zote tatu zinaondoka kwa pamoja. Bw. Sylvesta akasema, "Nani kakwambia uongee? Wewe andika, kusoma tutasoma wenyewe." Basi nimeandika. Kuna sehemu moja nimeiandika mara sita na kuifuta mara sita. Hii ni ya saba, nayo nimeiacha.

Bi. Kezia alizaliwa Heru Juu, mtoto wa nne katika familia ya wakulima wa mihogo na maharage ambayo ilivuka kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa. Februari 1992 aliajiriwa katika kitalu cha miche kule Kibondo. Alipewa baiskeli moja na eneo la kazi lililofika mpaka Gwarama, na anasema baiskeli ilichoka kwanza.

Kisa cha Gwarama wengi wetu tumekisikia kwake, maana hukisimulia mpaka anashika kiuno kwa kucheka. Mwaka wake wa kwanza kazini aligawa miche mia mbili ya mivule, akasimama juu ya jiwe, akatoa hotuba ya saa nzima kuhusu faida za miti, akapigiwa makofi, akapanda baiskeli yake akaondoka. Baada ya wiki tatu akarudi. Miche yote ilikuwa imekauka, imesimama kwenye mistari yake kama watoto wa gwaride. Alipochimbua mmoja, akaukuta ungali ndani ya kiriba chake, ule mfuko wa nailoni wa kukuzia miche. Akachimbua wa pili, vilevile. Mama mmoja akamweleza kwa upole kabisa, "Wewe si ulitwambia tuitunze kama watoto? Tukaona tusiivue nguo."

Tangu siku hiyo Bi. Kezia hajawahi kutoa hotuba nyingine. Anasema kosa halikuwa la wale kina mama. Aliongea saa nzima na hakukaa hata dakika tano kuwaangalia wakipanda.

Mwaka 1999 alihamishiwa Kasulu mjini. Siku za Jumanne alikwenda Nyakitonto kwa wakulima, siku nyingine zote alikuwa wa kwetu, Mtaa wa Kamabuye. Msomaji anayetujua atakubali kwamba mtaa wetu si mwepesi. Kuna Waha wa hapahapa ambao babu zao walizikwa kilimani. Kuna sisi tuliotoka Burundi, kila familia na mwaka wake. Kuna watu wa Ujiji waliofuata biashara, na kina mama wa Kikongo walioolewa hapa. Kila kundi lina pa kusali pake, duka lake la mkopo, na namna yake ya kulaumu wengine kwa takataka za mtaroni. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho peke yake ni chemchemi. Bomba la mji likikauka, na hukauka kila kiangazi, wote tunateremka chemchemini na ndoo zetu, tunajipanga.

Bi. Kezia alipofika aliambiwa aitishe mkutano wa mazingira. Akaitisha. Walikuja watu sita, na wawili kati yao walidhani kunagawiwa mbegu. Wiki iliyofuata alinunua ile ndoo ya bluu, akateremka chemchemini saa kumi na mbili asubuhi, akasimama mwisho kabisa wa foleni. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukuliona: mkutano upo kila siku, na watu arobaini wenye ndoo tupu hawana pa kukimbilia.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini na sita. Alianza mkiani. Alimwuliza aliye mbele yake habari za mtoto, za shamba, za mvua, kisha polepole za mtaro au za kuchoma nyasi. Foleni ikisogea, naye anasogea na kubadilisha jirani. Akifika kwenye bomba la chemchemi na bado hajakubaliana na watu, alijaza ndoo yake, akaimimina kwenye ndoo ya mzee au mjamzito, akarudi mkiani na ndoo tupu. Kuna asubuhi alirudi mara tano. Shadia, ambaye anauza chapati pale juu ya ngazi na huona kila kitu, alikuwa akitangaza kwa sauti, "Jamani mkubalieni huyu mama, nami nipate kufunga genge!"

Kwa foleni hiyo mtaa uliacha kuchoma kilima kila Agosti. Ilimchukua misimu mitatu. Kwa foleni hiyo ilichimbwa mitaro ya kukinga maji mteremkoni, tangu zilipoanza hizi mvua za siku hizi, ambazo huchelewa mwezi mzima halafu zinashuka zote kwa siku mbili na kubeba vyoo vya watu. Nyumba kumi na moja zilizokuwa ukingoni mwa korongo bado zimesimama. Kwa foleni hiyo kilianzishwa kitalu chetu, ambacho leo kina miche elfu nne, na hakuna hata mmoja unaotoka getini kabla mwenyewe hajauvua kiriba mbele ya macho ya Bi. Kezia.

Sasa, wasifu mwingi huwa unasifia mpaka mtu anaonekana hajawahi kujikwaa. Bi. Kezia amenikataza kuandika hivyo. Ameniambia niandike habari ya mikaratusi, na niiandike vizuri.

Mwaka 2001 kilima cha Kamabuye kilikuwa kipara. Mradi mmoja ulileta mbegu za mikaratusi, miti inayokua haraka, na Bi. Kezia akapanda mia tatu kuizunguka chemchemi yote. Alidhani anaifunika kivuli. Miti ikapaa. Baada ya miaka minane ulikuwa msitu, watu wakauita Msitu wa Kezia, na wageni walipelekwa kuutazama. Kenchi za paa la kanisa letu zimetoka pale. Mzee Polycarpe Niyomwungere, fundi seremala wetu, amesomesha watoto kwa milango na vitanda vilivyotoka pale.

Wakati huo huo foleni ilikuwa ikirefuka. Tulisema mtaa umekua. Tulisema mvua zimebadilika, na ni kweli zimebadilika. Lakini mwaka 2022 Bi. Kezia alifungua daftari lake la zamani akakuta aliwahi kuandika, mwaka aliopanda ile miti, kwamba ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde arobaini. Akaenda kupima. Dakika mbili na sekunde tano. Siku ile alirudi mkiani bila kumwuliza mtu habari za mtoto wala za shamba, kitu ambacho Shadia anasema hajakiona kabla wala baada. Kesho yake akaanza kumwambia kila mtu katika foleni, mmoja mmoja: "Ile miti inakunywa maji yetu. Na mimi ndiye niliyeialika mezani."

Hebu fikirieni. Mtu mzima, amebakiza miaka mitatu astaafu, msitu wenye jina lake, anashuka kila asubuhi kuwaambia watu kwamba alikosea na msitu huo ukatwe. Wengi walimcheka. Mzee Polycarpe hakucheka, alikasirika. Alisema kazini kwake hakuna mtu anayejenga nyumba miaka ishirini halafu anaibomoa kwa sababu ya ndoo.

Ikakubalika kwamba kwanza tupime, maana namba za daftari la zamani hakuna aliyeziamini, tuone kama kweli maji yanashuka. Jumatano na Jumamosi, asubuhi, tangu Juni mpaka Septemba 2023, mtu aende chemchemini na saa ya simu, aandike ndoo inajaa kwa muda gani. Halafu mkutano wa mtaa uamue. Bi. Kezia akanichagua mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Hapa ndipo nilipofuta mara sita.

Juni nilipima. Julai nilipima. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano, na foleni ile kwa mtu mwenye haya ni kama kupita katikati ya redio arobaini zilizofunguliwa. "Karani wa ndoo kafika!" "Dada, na yangu uiandike, ina mfuniko mpya!" "Huyu anapima maji huyu, au anapima kijana wa kwa Shadia?" Hawakuwa na ubaya. Najua sasa. Wakati ule nilikuwa nikifika pale masikio yanawaka, nabonyeza saa vibaya. Mwanzoni mwa Agosti nilifika mpaka juu ya ngazi, nikasikia kicheko, nikarudi nyumbani. Nikakaa nyuma ya jiko, nikaandika dakika mbili na sekunde kumi na nne, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho. Jumamosi nikaandika kumi na tano. Jumatano nikarudisha kumi na nne, ipate kuonekana ya kweli. Niliendelea hivyo wiki saba, na Bi. Kezia, ambaye asubuhi za siku hizo alikuwa na shughuli kitaluni, hakujua.

Mkutano ulifanyika mwisho wa Septemba, uwanja umejaa. Bi. Kezia alisimama, akafungua daftari, akasoma vipimo vyangu kwa sauti. Kadiri alivyosoma, sauti yake ilikuwa inapungua. Kwa mujibu wa daftari lile chemchemi haikuwa imeshuka hata sekunde mbili kiangazi kizima. Mzee Polycarpe akasimama na kofia mkononi. "Dada Kezia, hayo umesoma wewe, si mimi. Maji hayajapungua. Sasa miti yetu umeishitaki kwa kosa gani?" Watu wakaangua kicheko. Mama Prudence, Mkongo wetu wa nyumba ya pembeni, akapaza sauti kutoka nyuma, "Hii daftari inachota maji fasi gani, wapi? Miye niko napoteza asubuhi muzima pale!" Uwanja ukagawanyika, kila mmoja na yake. Waliosema miti ikatwe wakamwona Bi. Kezia amewaangusha, na waliosema ibaki wakamwona amejifunga mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pili. Nilimwona akipekua kurasa za nyuma, kisha za mbele. Za Juni na Julai zilikuwa zimejikunja, wino umevuja kwa matone. Za Agosti na Septemba zilikuwa safi kama za sikukuu. Aliinua macho akanitazama mara moja tu. Halafu akawaambia watu, "Vipimo hivi si sahihi. Kosa ni langu. Tutapima upya." Akakaa.

Kwa kuwa tangu Agosti sikuonekana foleni, watu wakadhani alikuwa amepima mwenyewe saa nyingine. Na tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, mtaani kuna utani kwamba macho ya Bi. Kezia yalianza kustaafu kabla yake. Ameusikia dukani, kanisani, hata getini pa kitalu chake mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya ratiba ya leo mtu aliandika, kwa nia njema kabisa, "Bi. Kezia, aliyewahi kupima chemchemi kwa miwani ya kuazima." Nimeufuta mstari huo. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Vipimo vile havikuwa vyake, vilikuwa vyangu, na havikutoka chemchemini. Vilitoka nyuma ya jiko la nyumbani kwetu.

Kesho yake ya mkutano, saa kumi na mbili kasoro, alikuwa mlangoni kwetu na ndoo ya bluu. Nilidhani amekuja kwa mama. Akasema, "Nadine, mwanangu, chukua ndoo. Na simu iwe na chaji." Tukateremka. Tukasimama mkiani. Hakunisema, hakunigombeza, aliuliza habari za kuku wetu. Tulipobakiza watu watatu akaniuliza kama walikuwa wananicheka. Nikaitikia kwa kichwa. "Na mimi wananicheka," akasema. "Huu ni mwaka wa ishirini na nne."

Tulipofika kwenye bomba, nikashindwa kubonyeza saa. Bi. Kezia akageuka nyuma akawaambia watu, "Haya, tusaidieni, hesabuni." Wakacheka, kisha wakahesabu. Bibi zetu wanahesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu. Watu wa Ujiji wanahesabu kwa mahadhi kama kaswida. Mama Prudence alianza kwa Kifaransa, alipofika ishirini akahamia Kiswahili, akawakuta wenzake wako ishirini na tano. Kila mtu akapata jibu lake na kila mtu akadai la kwake ndilo la kweli. Ilibidi wakubaliane na saa ya simu, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu arobaini wakiniambia kwa pamoja, "Haya dada, tusomee!" Nikasoma. Dakika tatu na sekunde ishirini.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Hakuna aliyekuwa amesomewa taarifa na ofisi. Walikuwa wamehesabu wenyewe.

Ikawa desturi. Jumatano na Jumamosi foleni nzima inahesabu, mimi nashika saa, na anayefuata kuchota anatia sahihi yake daftarini kwa kidole kilicholowa. Daftari lile sasa limevimba kama mkate. Habari zikamfikia Mzee Polycarpe, akasema wanawake wanahesabu wanachotaka. Basi Jumamosi moja ya Oktoba akateremka mwenyewe, amevaa ile saa ya mkononi ambayo huivaa kanisani tu. Alikataa kupishwa mbele. Alisimama saa mbili na dakika kumi katika foleni, na yale aliyoyapata humo ndani ninayajua vizuri. "Mzee, leo mama watoto kakufukuza?" "Mzee, ndoo hubebwa kichwani, si kwapani!" Bi. Kezia alikuwa mtu wa tatu nyuma yake.

Maji yakaanza kujaa kwenye ndoo ya Mzee Polycarpe. Alitazama saa. Akatazama maji. Dakika ya tatu ilipopita akaiweka saa sikioni, asikie kama bado inatembea. Tatu na ishirini na sita. Alisimama pale mpaka aliyemfuata akamgusa bega. Kisha akamgeukia Bi. Kezia. "Kezia," akasema, "mke wangu anasimama hivi kila siku?" Bi. Kezia akamjibu, "Mara mbili."

Mti wa kwanza aliukata Mzee Polycarpe, Machi 2024, mvua zikiwa zimeshika. Masharti yake yalikubaliwa: isikatwe yote kwa mkupuo, kilima kisije kikaporomoka, bali theluthi kila mwaka, na mbao zitengeneze madawati ya shule. Aliyatengeneza mwenyewe, arobaini na mbili. Kila shimo jipya likapata mkuyu au mvumu, miti ya kwetu inayotunza maji, au mianzi kule chini penye unyevu. Visiki vya mikaratusi vilichipua upya kwa kiburi, tukavichubua magome na kuvifunika kwa nailoni nyeusi na udongo. Ukipita kilimani unaona visiki vimevaa kofia. Bi. Kezia anasema hatimaye nailoni imepata mahali pake halali kwenye mti.

Kuhusu lile daftari, nilimwendea kitaluni baada ya ule mti wa kwanza kuanguka, nikamwomba niende kwa Bw. Sylvesta nikaseme ukweli. Nilikuwa nalia hovyo. Aliendelea kujaza udongo kwenye viriba. Nikamwuliza kwa nini alijibebesha. Akasema, "Ningekutaja siku ile, usingekanyaga tena foleni. Mimi hata wakinisema, kesho nitakwenda tu." Nikauliza sasa niseme lini. Akasema nitajua mwenyewe, na nisishike udongo kwa mikono yenye kamasi.

Nimejua. Ni leo. Karatasi hii mmegawiwa wote mlangoni, kwa hiyo wakati mnaisoma mimi nimekaa humuhumu, pengine nyuma ya nguzo. Mliokuwa mkimtania Bi. Kezia habari za miwani, leo mna mtu mwingine wa kumtania. Foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na nitakuwepo.

Taarifa ya mwisho ya kikazi, ambayo Bi. Kezia amesisitiza iwemo: Septemba mwaka jana, baada ya theluthi ya kwanza kukatwa, ndoo ilijaa kwa dakika mbili na sekunde hamsini na nane. Jumamosi iliyopita, theluthi ya pili ikiwa imekwenda, na kiangazi hiki kikiwa kikali kuliko cha mwaka jana, foleni ilihesabu dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Bado hatujazirudia zile sekunde arobaini. Theluthi ya mwisho ni ya Machi ijayo, na Mzee Polycarpe ameshanoa shoka.

Hiyo Jumamosi ilikuwa foleni yake ya mwisho kama mtumishi. Alianza mkiani kama kawaida, akauliza habari za kila mtu, akamshauri mtu kuhusu kuku, mwingine kuhusu mkwe. Alipofika kwenye bomba, ndoo ya bluu ikajaa, tukahesabu, nikasoma, wakapiga vigelegele. Tukasubiri amwangalie mzee au mjamzito wa kummiminia. Yeye akakunja kata ya kitenge, akaiweka kichwani, akainua ndoo, akaanza kupanda ngazi. Foleni nzima ikaduwaa. Mama Prudence akaita, "Mama Kezia! Unaenda wapi na hiyo maji?" Akajibu bila kugeuka, maana ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu, "Nyumbani. Nina nguo za kufua tangu mwaka tisini na tisa."

Bi. Kezia, kwa niaba ya Mtaa wa Kamabuye, kamati ya chemchemi, kitalu na kila mtu aliyewahi kusimama mbele yako au nyuma yako, asante. Urakoze cane. Asante kwa miti uliyopanda, na asante zaidi kwa ile uliyotuomba tuikate. Mungu akupe afya, wajukuu watulivu, na bustani isiyohitaji kikao. Ukaishi vizuri, mama yetu, na ukija chemchemini uje kuchota tu. Ndoo ikijaa ni yako yote, nenda nayo.

Mkiani nipo mimi.

Nadine Harerimana
Katibu, Kamati ya Chemchemi ya Kamabuye